Farasi wa Habari Njema

Jumatano, 1 Februari

Baba mkwe Sagimbek ametangaza kutoa farasi. Si kuuza. Kutoa. Nilikuwa nimejaza nyama mdomoni nikasahau kutafuna.

Ilikuwa hivi. Mjukuu wake Marzhan, binti wa kaka yake mke wangu Gulbarshin, anakimbia kwenye barafu Ijumaa na Jumapili katika michezo ya baridi ya Asia, na safari hii wenyeji ni sisi. Almaty nzima imepandwa na wazimu. Magazeti yanagawa medali ambazo hazijapatikana: hizi za kuruka na skii, hizi za skii na bunduki, hizi za wavulana wa magongo. Kwenye mbio za barafu za wanawake wameandika neno moja tu, labda. Hiyo labda ndiyo Marzhan wetu. Ana miaka thelathini na mmoja, amekuwa wa nne mara tatu, na amesema baada ya Jumapili anavua viatu vya barafu kabisa.

Mzee ana moyo mbovu na daktari amemkataza kutazama. Kamshat, mama yake Marzhan, ameivika televisheni shuka akaifungia stoo. Simu hazishiki kule malishoni nyuma ya kilima. Kwa hiyo mzee atakaa zizini na farasi wake mpaka mtu afike. Na mtu wa kwanza kumwambia "Suyinshi!", Marzhan ana medali, ataondoka na yule dume wa kahawia wa miaka miwili ambaye hata jina bado hajapewa.

Suyinshi haina mchezo. Anayefika wa kwanza na habari njema hapewi asante, hupewa kitu. Babu zetu walitoa ngamia. Wa pili hupewa chai.

Mwanyumba wangu Yergali, aliyeoa dada yake Gulbarshin, aliweka kikombe chini polepole. Huyu ana pikipiki ya theluji. Akaniuliza kama bado ninatembelea lile gari la kusukumwa. Nikamjibu kwamba mimi ninaendesha mashine ya kulainisha barafu uwanjani humo humo, nitajua matokeo kabla yeye hajamaliza kufunga kofia. Akasema, kwa sauti ya kusikika hadi jikoni, kwamba kazi yangu ni kupiga deki.

Deki! Miaka kumi na tisa ninalainisha barafu, halafu napigwa deki na muuza matairi. Nilimalizia supu yangu bila kumwangalia.

Alhamisi, 2 Februari

Siku ya upelelezi. Nilimwomba ruhusa Bi Raushan, msimamizi wetu wa barafu, nikamwambia jino linauma. Akauliza lipi. Nikaonyesha moja, baadaye nikajisahau nikaonyesha jingine. Aliniacha niende kwa sababu alichoka kunitazama.

Nikapima njia. Kutoka uwanjani hadi chini ya kilima, dakika hamsini kwa gari langu, likiwa na hali nzuri. Hapo njia inakufa. Kuvuka kilima kwa miguu, theluji hadi mapajani, dakika arobaini. Nilipoteza buti moja, nikalipata, nikapoteza jingine. Yergali na pikipiki yake atavuka kilima hicho hicho kwa dakika kumi huku akipiga mluzi.

Kwa hiyo tukiondoka pamoja nimekwisha. Lazima ibuniwe hila.

Hila ya kwanza: nikampigia Yergali simu nikamwambia kwa masikitiko makubwa kwamba mbio za kesho zimesogezwa hadi saa kumi na moja jioni. Akanishukuru sana. Akasema ajabu, maana ameshika ratiba mkononi na Marzhan mwenyewe ameketi mbele yake anakunywa chai, na anasema saa saba mchana. Halafu akanipa Marzhan kwenye simu. Marzhan, aliyekwisha kusikia uwanjani, akaniuliza habari za jino.

Mtoto huyu sijui katoka wapi. Kesho anapambana na Wajapani, Wakorea na Wachina, waliofundishwa na mashine na madaktari, naye anauliza jino. Alianza kuteleza kwenye bwawa la nyuma ya kijiji, na viatu vya kaka yake vilivyojazwa sufi ya kondoo. Nakumbuka nilimcheka. Alianguka, akainuka, akaniambia mjomba sogea, umesimama njiani kwangu. Alikuwa na miaka sita.

Hila ya pili imenijia nikiwa nakausha soksi. Ni rahisi hata naona aibu sikuiona mapema. Kushindana kwa mwendo na Yergali siwezi. Basi nitaondoka kabla yake.

Ijumaa, 3 Februari

Niandike pole pole.

Mita elfu moja mia tano. Jozi kumi, wawili wawili, kinachohesabiwa ni muda. Baada ya jozi ya tano niliingia na mashine nikalainisha, kazi safi. Marzhan alikuwa jozi ya sita. Alipotoka kwenye kona ya mwisho uwanja mzima ulisimama, mabibi wenye vitambaa vya kichwa, walimu na madarasa yao, polisi wenyewe. Muda wake ukawaka kwenye ubao. Wa kwanza!

Ikaja jozi ya saba. Bado wa kwanza. Ya nane. Bado wa kwanza. Nikamtazama Yergali jukwaani. Alikuwa ameketi, mjinga, anasubiri matokeo ya mwisho kama mtu anayesubiri hati ya kiwanja.

Zimebaki jozi mbili. Watu wanne tu. Nikajiambia, wanne hawa wamesimama kwenye baridi, miguu imekauka, hawana kitu. Nikashuka kwenye mashine nikakimbia kwenye gari.

Gari liliwaka mara ya kwanza. Hiyo pekee ilipaswa kunishtua.

Nilivuka kilima nikiwa na buti zote mbili, nimezifunga kamba. Nikamwona mzee mlangoni mwa zizi, mdogo, mikono ndani ya koti. Nikapiga ukelele wa suyinshi mara tatu. Nikamwambia dhahabu. Mzee akageuka, akaweka paji la uso kwenye shingo ya jike wake mweupe, akakaa hivyo. Kamshat akatoka jikoni na mikono ya unga, akaniuliza mara mbili kama ni kweli, kisha akaketi palepale kwenye theluji akalia. Yeye ndiye aliyemzaa, na amekosa kumtazama kwa ajili ya kumlinda mkwewe. Nami nikalia. Nilikuwa nimeamini kabisa maneno yangu.

Jamaa wa malishoni wakaja, kondoo akachinjwa. Kamshat akarusha peremende na jibini kavu hewani kama ilivyo desturi, tukaziokota kwenye theluji. Mzee akanikabidhi kamba ya yule dume wa kahawia, akaniombea dua ndefu, akawataja marehemu wa ukoo mmoja mmoja ili nao wasikie. Nilikuwa nimeshika kamba ya farasi mkono wa kulia na peremende mkono wa kushoto nikasikia pikipiki ya theluji.

Yergali hakuwa na haraka. Alizima injini, akavua miwani, akamtazama kondoo, akanitazama mimi, akaitazama kamba. Akauliza msiba wa nani. Akasema watatu kati ya wale wanne wa mwisho wamempita Marzhan. Wa nne, tena.

Kamshat alisimama na bakuli mkononi. Mimi nilitafuta mahali pa kuangalia nikakosa, kila upande kulikuwa na jamaa.

Nilitegemea mjeledi. Mzee alitazama damu ya kondoo iliyokuwa bado kwenye mkono wa koti lake. Halafu akasema kwamba kwao suyinshi iliyotolewa haijawahi kurudishwa, na yeye hataanza leo kwa sababu ya mkwe mpumbavu. Farasi ni wangu. Yergali akafungua mdomo, mzee akamnyamazisha kwa kidole.

"Lakini umeniambia mjukuu wangu ana medali," akaniambia. "Nimekubali. Nimechinja. Nimewaambia marehemu. Sasa utawaambia nini wewe? Nenda ukaifanye iwe kweli."

Akaongeza sharti. Farasi atabaki kwake hadi Jumapili. Marzhan akipata medali, ya rangi yoyote ile, nitampa farasi jina nilitakalo. Asipopata, jina atatoa mzee, na ameshalichagua. Ataitwa Uongo wa Orinbasar, yaani mimi. Na majira ya kuchipua, kwenye mbio za farasi za Nauryz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, atatangazwa kwa jina hilo kwenye kipaza sauti mbele ya bonde zima.

Yergali alicheka mpaka akashikilia usukani wa pikipiki.

Jumamosi, 4 Februari

Gulbarshin hajanisemesha. Amenipa chai bila maziwa, ambayo kwetu ni hotuba kamili.

Kazini Bi Raushan alinikumbusha kwamba jana nimeacha mashine inaunguruma njiani, na kwamba jino langu likiuma tena atalitoa mwenyewe. Nikapewa koleo la theluji badala ya usukani. Nilisukuma theluji asubuhi yote nikiwaza lile jina kwenye kipaza sauti.

Mchana ikabandikwa orodha ya kesho, mita elfu tatu. Mizunguko saba na nusu. Marzhan yuko jozi ya tano, na barafu inalainishwa baada ya jozi ya tano. Maana yake atakimbia juu ya barafu iliyokwisha kukwanguliwa na watu wanane, halafu yule Mjapani wa jozi ya sita apate kioo kipya. Hapa ndipo medali zinapopotelea, na watu jukwaani hawajui.

Nikabuni hila. Ufa mdogo. Kwenye kona ya pili, pembeni, urefu wa kiganja. Kesho baada ya jozi ya nne naupigia kelele, mwamuzi anaamuru mashine iingie, Marzhan anapata barafu mpya. Hakuna aliyeumia. Nikachukua patasi kwenye boksi la vifaa, nikapiga magoti konani kama mtu anayekagua.

Nikasikia vyuma vya viatu vikisimama nyuma yangu. Marzhan, kwenye mazoezi. Akaitazama patasi. Hakuniuliza ninafanya nini, na hilo ndilo lililoniuma.

Alichuchumaa karibu nami. Akasema, "Mjomba, hapo ninapita mara saba. Ukipasua, wa kwanza kuvunjika mguu ni mimi." Nikaanza kueleza habari ya jozi ya tano, farasi, kipaza sauti, marehemu. Alinisikiliza yote. Akasema ameshasikia, Yergali ameusimulia mji mzima. Akasema amekuwa wa nne mara nne sasa, kila mara kwenye barafu halali, na hataki siku yake ya mwisho iwe kwenye barafu ya patasi. Akipanda jukwaani kwa njia hiyo hatajua kama aliyepanda ni yeye.

Kisha akaniuliza swali la ajabu. Je, inawezekana kutengeneza barafu itakayokuwa bado nzuri hadi jozi ya tano? Kwa wote, si kwa yeye peke yake?

Nikamwambia inawezekana, kwa mtu anayejua. Akauliza nani anajua. Nikasema mimi. Lilinitoka kwa hasira, lakini ni kweli. Akanigonga begani na kuondoka, na mimi nikabaki na patasi na ahadi.

Nimekwenda kwa Bi Raushan kuomba mashine yangu. Akauliza kwa nini anipe. Nikakosa uongo wa haraka. Nikasema barafu ya kesho nataka kuitengeneza mimi. Alinitazama sana, akanitupia ufunguo. Akasema nisipofika saa kumi na moja alfajiri nisifike tena.

Jumapili, 5 Februari

Saa kumi na nusu nilikuwa tayari pale. Baridi digrii kumi na nne chini ya sifuri, upepo kidogo kutoka bondeni, hewa kavu. Nilikwangua umande ulioganda wote. Kisha maji ya moto, tabaka jembamba, ngoja ligande. Tabaka jingine, ngoja. Maji baridi huganda haraka lakini hushika hewa ndani, na barafu yenye hewa humeguka chini ya chuma. Ya moto hutulia, hujitandaza, huganda ngumu. Nikatia saba. Wenzangu hutia mbili. Kila tabaka nililigusa kwa shavu, maana kiganja hudanganya. Bi Raushan alisimama kwenye kona na chai yake, kisha akaninyang'anya koleo na kuanza kukwangua kona mwenyewe.

Jozi ya kwanza iliweka muda mzuri kuliko ilivyotarajiwa. Ya pili hivyo hivyo. Makocha wakaanza kuinama kutazama chini. Ya tatu. Ya nne. Nilikuwa kwenye mlango wa mashine, natazama ile barafu tu, ikiwa bado inang'aa.

Jozi ya tano. Marzhan na msichana mmoja wa Kikorea.

Sijui niandikeje. Aliondoka taratibu, hata watu wa jukwaani wakaguna. Mzunguko wa pili na wa tatu sawasawa, mikono mgongoni, kichwa chini, kama mtu anayekwenda kuchota maji na hana wasiwasi. Wenzake wote hupungua mwendo mzunguko wa tano. Yeye hakupungua. Wa sita hakupungua. Hapo ndipo watu walipoelewa na wakaanza kuita jina lake, majukwaa yote mawili, Mar-zhan, Mar-zhan, na sauti ikawa inagonga mlimani na kurudi. Kwenye kona ya mwisho mguu wake ulitikisika. Nilishika mlango. Akaunyoosha, akausukuma, akapita mstari, akaendelea kuteleza ameinama na mikono kwenye magoti. Wa kwanza kwa muda. Nilikuwa na machozi, kwa sababu ya upepo.

Halafu Bi Raushan akapuliza filimbi. Zamu yangu kulainisha.

Hapa nitasema ukweli kwa kuwa shajara hii haisomwi na mtu. Kwenye mashine kuna koki mbili, ya moto na ya baridi. Waliobaki ni kumi, nao wanakuja kumpokonya Marzhan medali na mimi jina la farasi. Maji baridi, mzunguko mmoja, hakuna ambaye angejua. Mkono ulikuwa kwenye koki ya baridi. Marzhan alikuwa kwenye benchi, taulo shingoni, ananitazama. Alijua. Hakutikisa kichwa wala nini, ananitazama tu.

Nikafungua ya moto.

Si wema, asinisingizie mtu. Nilitazama ile barafu niliyoigusa kwa shavu mara saba na sikuweza kuiharibu. Ningeonekana mtu asiyejua kazi yake. Nikalainisha vizuri kuliko nilivyowahi kulainisha maishani, nikiwalaani wote kumi kwa majina.

Mjapani akampita Marzhan jozi ile ile ya sita. Sekunde nzima. Jozi ya nane akampita Mkorea mwingine. Sasa yeye ni wa tatu na zimebaki jozi mbili. Gulbarshin, aliyekuwa jukwaani, alishuka ngazi zote akaja kusimama karibu yangu, akanishika mkono wa koti. Neno la kwanza tangu Ijumaa: akaniambia nisithubutu kuondoka.

Jozi ya tisa haikufikia muda wake. Jozi ya kumi, Mchina mmoja mrefu. Mzunguko wa kwanza yuko mbele ya muda wa Marzhan. Wa pili mbele. Wa tatu mbele. Wa sita bado mbele, kidogo. Uwanja wote kimya, maelfu ya watu na unasikia vyuma viwili vikikata barafu. Marzhan amefunika uso kwa taulo. Mchina akapita mstari na hakuna aliyejua, na ubao ukachelewa, kisha ukawaka.

Wa nne. Mchina ndiye wa nne. Tofauti ni sehemu mbili kati ya mia za sekunde.

Shaba! Bi Raushan, mwanamke ambaye sijawahi kumwona akitabasamu, alinikumbatia na koleo lake. Mabibi walivua vitambaa wakavipunga. Bendera yetu ilipanda ikiwa ya tatu, chini ya nyingine mbili, na watu waliimba wimbo wetu wenyewe bila muziki, kwa kuwa muziki ulikuwa wa Mjapani na haukuwa umeanza. Mjapani mwenyewe akawa anawapigia makofi. Marzhan aliishika ile medali kwa mikono miwili, akaitazama upande huu na upande huu kama anayekagua kama ni yake. Sijawahi kumwona mtu mzuri vile.

Hapo ndipo nilipomkumbuka Yergali. Kiti chake kilikuwa kitupu. Nikataka kukimbia, Gulbarshin akanikaza mkono.

Jambo moja limeniudhi. Mtangazaji alimuuliza Marzhan anamshukuru nani. Angeweza kutaja ukoo. Angeweza kutaja mjomba. Akasema anaishukuru barafu, hajawahi kukimbia juu ya barafu ya namna ile, na alilia aliposema hivyo. Barafu! Nikamwambia Gulbarshin huyu mtoto baridi imemwingia kichwani, anashukuru vitu badala ya watu. Gulbarshin akaniuliza nani aliitengeneza. Nikamwambia hilo si jambo linalozungumzwa sasa, tuwahi farasi.

Jumanne, 7 Februari

Jana sikuandika, nilikuwa na farasi wangu.

Jamaa wote tulivuka kilima na Marzhan. Mzee alitoka mlangoni, akaivaa ile medali mwenyewe shingoni, akaingia nayo zizini kuwaonyesha farasi mmoja mmoja. Kamshat alimshika binti yake usoni, hakumwachia. Mezani kichwa cha kondoo, ambacho ni fungu la mzee wa heshima, aliwekewa Marzhan, mbele ya wazee wote, na hakuna aliyelalamika.

Kisha Kamshat akasimulia mambo ya Yergali. Jumapili alifika kwa pikipiki, ameanguka mara mbili kilimani, nyusi zimeganda, akapiga ukelele wa suyinshi. Mzee akamuuliza ya nini tena. Medali, baba, Marzhan ana medali. Mzee akamwambia hizo habari za zamani, aliambiwa Ijumaa na Orinbasar.

Yergali akasema ule ulikuwa uongo.

Mzee akasema, "Haukuwa uongo. Ulikuwa mapema." Akampa chai.

Nimemwomba Kamshat asimulie mara nne. Yergali alikuwa anakula nyama bila kuinua macho. Farasi nimempa jina Mkweli. Amenitupa chini mara tatu na kuniuma bega, lakini jina limekwisha kutangazwa.

Marzhan, alipokuwa anaaga, amesema anatumaini nimejifunza kitu. Nimejifunza. Wengine hukimbizana kufikisha habari baada ya jambo kutokea, wakati huo kila mtu yuko njiani na pikipiki yake. Msongamano mtupu. Mwenye akili huwahi.

Sasa, mke wa mtoto wa Yergali ni mjamzito. Atakuwa mjukuu wa kwanza, na Yergali hulala na kuamka akimzungumzia. Ana kofia mpya ya manyoya ya mbweha ambayo ingenikaa vizuri kuliko inavyomkaa yeye. Daktari amesema Aprili. Nimemwambia Gulbarshin kwamba kesho asubuhi nitapita kwa Yergali kumpigia suyinshi ya mtoto wa kiume, mwenye afya, uzito mzuri. Gulbarshin ameuliza, na akizaliwa wa kike?

Nikamwambia basi nitarudi tena kuchukua ya pili.